Mkono Uliokuwa Jikoni

Diski mpya haina harufu. Nilipoitoa kwenye ganda lake niliinusa, kama ninavyonusa kila kitu kinachodai kuwa bora kuliko kilichokitangulia, nikapata harufu kidogo ya plastiki, kisha basi. Kanda ya zamani ya picha hiyohiyo, ninayoitunza kabatini, inanuka ukungu na moshi wa jenereta. Ukiifungua chumbani asubuhi, harufu yake inakaa mpaka jioni. Juu ya ganda la diski waliandika kwamba picha imesafishwa upya kutoka kwenye filamu ya awali, na kwamba sasa inaonekana kama siku ilipopigwa. Walimchapa pia yule Mwalimu mzee wa mapigano akitazama mbele, uso wake umejaa makunyanzi. Mimi niliitazama picha ile utoto wangu wote na sikupata kujua kwamba Mwalimu ana makunyanzi. Kwa hiyo sikuiamini.

Niliyeiagiza ni mimi mwenyewe, na sababu yake ni msiba. Sele, aliyekuwa akitutafsiria picha katika banda la video pale Mwembesongo, alifariki akazikwa kwao Kinole. Baba yangu alikwenda kumzika, nami nikamsindikiza. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani akiwa kijana. Sele alikuwa Mluguru wa milimani, upande mmoja na mama yangu. Hao wawili walikuwa watani, na mtani haendi msibani mikono mitupu wala mdomo mtupu. Jeneza lilipokuwa linapandishwa kwenda makaburini, baba, na uzee wake wote, alilala katikati ya njia na kuweka mkongojo wake kifuani. Akasema Mluguru huyo hapiti mpaka deni la matusi yake ya miaka yote lilipwe. Watu waliomboleza wakicheka, wakaenda kumtafutia kuku, wakamwinua.

Tuliporudi, kuku akiwa miguuni pake amefungwa kamba, aliniuliza, "Ile picha ya Sele bado unayo?"

"Ninayo, baba, lakini kanda imechoka. Inaonyesha chenga kuliko picha."

"Itafute nyingine basi. Nataka kumwona."

Nilijua anataka kumwona Sele, ingawa Sele hakuwemo kwenye picha hata mara moja. Sikumsahihisha. Nilimwomba mtoto wa mjomba wangu, ambaye huenda China kununua viatu vya kuja kuuza, aniulizie. Alirudi na diski hiyo, ya kiwango kile wanachokiita 4K, pamoja na mashine yake, kwa kuwa deki zetu za huku haziwezi kuisoma. Baba aliposikia imefika alitaka kuja siku ileile. Nikamwambia asubiri kidogo, mashine inahitaji kutengenezwa. Haikuhitaji kitu. Katika picha ile kulikuwa na mahali pamoja ambapo nilitaka kupaona peke yangu kwanza.

Wa umri wangu wanakumbuka mabanda yale. La kwetu lilikuwa la mabati, madirisha yameziba kwa magunia ili mwanga usiingie, na ukitoka nje mchana jua linakupiga usoni mpaka unauona mlima mweusi kabla hujauona wa kijani. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja juu ya meza ndefu, na Sele. Alisimama pembeni ya televisheni na maiki yenye waya mrefu, sauti ya picha ameipunguza, akatueleza nani anasema nini. Hakujua Kichina wala Kihindi. Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi: kanda mpya ikifika, asubuhi alijifungia bandani na kuitazama peke yake, bila sauti, mara ya kwanza amekaa na mara ya pili anatembea. Alipofungua mlango alikuwa ameshaelewa. Sisi tuliita hiyo kutafsiri. Aliwapa watu wa kwenye picha majina, aliwapa wake, aliwapa sababu za kugombana, na zile sababu zilikuwa nzuri.

Picha niliyoipenda ilikuwa ya Mwalimu mzee wa mapigano na wanafunzi wake wawili, ambao Sele aliwaita Kaka Mkubwa na Kaka Mdogo. Mwalimu anawafundisha, anawachapa, anawafundisha kuandika kwa brashi. Kisha siku moja anakunywa supu na kufa. Baada ya hapo wanafunzi wanapigana na tajiri mmoja mwenye masharubu marefu mpaka mwisho. Nilikuwa darasa la pili na niliiona kila iliporudi.

Kabla ya Mwalimu kunywa supu palikuwa na jikoni. Kanda yetu ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kanda nyingine, na hiyo nayo kutoka kwenye nyingine, na pale jikoni ndipo palipoharibika zaidi. Giza, mistari myeupe inapanda na kushuka, chungu au kitu kama chungu, halafu mkono unakuja kutoka upande wa kulia na kudondosha kitu ndani. Uso hauonekani. Sele alikuwa akishusha sauti. "Hapa kuna mkono," alisema. "Mkono wa nani? Tutajua mbele." Mbele hatukujua, kwa sababu ngumi zilianza na kila mtu akasahau. Mimi sikusahau.

Baba alikuwa akiingia bandani siku za mapumziko, akikaa benchi la nyuma. Sele hakumwacha akae salama.

"Naona leo tuna Mnyamwezi humu ndani," alisema kwenye maiki. "Kila mtu ashike mzigo wake. Akiuona umelala ataubeba mpaka Tabora."

"Tafsiri picha, Mluguru," baba alijibu kutoka nyuma. "Kwenu hamjapata kuona televisheni ikasimama wima. Ingebingirika mpaka bondeni."

"Sisi hufunga kuku kamba ndio wasibingirike."

"Na watoto."

"Na watoto, ndiyo. Hata huyo wako tungemfunga, maana ni wa kwetu huyo. Wewe umebeba tu."

Banda zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile la mwisho nililijua kuwa kweli. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nilikuwa nimeshamsikia mjomba akisema hivyohivyo bila mzaha. Nikajiuliza: ikiwa hilo ni kweli, mengine anayoyasema Sele ni mzaha kwa kipimo gani?

Mwaka ule Bibi mzaa mama aliteremshwa kutoka Kinole akiwa mgonjwa. Aliwekwa chumba chetu cha mbele. Mama alikuwa sokoni kutwa akiuza ndizi, na baba alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ni baba aliyebaki na mgonjwa. Alimpikia uji na kumnywesha kwa kijiko, jambo ambalo wanawake wa jirani walilisema sana, kwa kuwa mtu na mama mkwe wake hawazoeani hivyo.

Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta jikoni. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kitu cheupe alichokuwa akikisaga kwa kitako cha kikombe. Alikimimina kwenye uji wa Bibi. Kisha akatazama mlangoni, akaniona.

"Nenda kacheze nje, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutwa.

Nilikwenda nje. Nilikaa chini ya dirisha nikamsikia akimwambia Bibi, "Kunywa yote, mama, usibakize." Bibi alisema uji ni mchungu. Baba akasema ni ulezi wa mwaka huu. Baada ya siku chache Bibi alifariki.

Tulimpeleka kwao. Njia ya kuingia Kinole ilikuwa ya utelezi, na wanaume walibeba jeneza wakibadilishana mabega. Wenzake baba wa kiwandani walikuja pia, Wanyamwezi, na mmoja wao akiitwa Kalunde, mtu mfupi mwenye sauti nyembamba. Nilikuwa nimekaa mkekani na mama zangu wadogo pale Kalunde alipotoka ndani amevaa kanga ya Bibi. Alijifunga kichwani kama alivyojifunga Bibi. Alitembea kama Bibi, mkono mmoja kiunoni. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, akapiga magoti na kulia kwa sauti ya Bibi.

"Mkwe wangu Maganga, uji wako ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu mno, mpaka nimekufa. Sasa niambie, mwanangu, ulitia nini?"

Watu walipasuka kwa kicheko. Nilimtafuta mama kwa macho. Mama, ambaye tangu alfajiri alikuwa akilia, alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yake yalikuwa yakitikisika, naye anacheka.

"Nilitia sukari," baba alisema. "Waluguru hamjaizoea."

Leo najua walichokuwa wakifanya. Mtani huja msibani kumtoa mfiwa shimoni, na hana kamba nyingine ila mzaha. Msiba usio na mtani huwa mzito hadi watu wanaumwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na hakuna aliyenieleza, kwa kuwa mambo ya namna hiyo mtoto hukua nayo tu. Nilichokiona ni hiki: Bibi amefufuka kwa dakika chache ili aulize swali lilelile nililokuwa nalo, na watu wazima wote, na mama akiwemo, wamelisikia na kulizima kwa kicheko. Walijua. Walikuwa wamekubaliana.

Arobaini ilipopita picha ya Mwalimu ilirudi bandani. Baba alinichukua tukaenda, kunifariji, nadhani. Tulipofika jikoni, mistari ikaanza kupanda na kushuka, na mkono ukaja kutoka kulia. Nilimsubiri Sele aseme tutajua mbele. Hakusema hivyo.

"Mnauona mkono huo?" alisema. "Tazameni vidole vilivyo vinene, vidole vya kubeba meno ya tembo. Huo ni mkono wa Mnyamwezi. Na huyo mzee si mwalimu wake tu, ni mkwe wake. Amempikia supu. Maganga, simama watu wakuone."

Benchi zote ziligeuka. Baba alisimama kweli, akainua mkono wake wa kulia juu na kuuzungusha ili kila mtu auone.

"Sumu ya nini?" alisema. "Mluguru ukimwacha tu atateleza mwenyewe."

Katika hesabu zangu za wakati ule jambo hilo lilifunga kesi. Mtu asiye na hatia hukana. Shuleni, penseli ikipotea, asiyeiba analia na kuapa kwa Mungu. Baba hakukana mara ya kwanza kule msibani wala mara ya pili bandani. Alikuwa amesimama mbele ya watu na kuonyesha mkono. Na Sele, aliyekuwa akijifungia asubuhi na kuitazama kanda mara mbili, alikuwa ameuona uso ambao sisi hatukuuona.

Nilianza kuangalia mikono ya baba. Ni mikono mikubwa yenye kucha zilizopauka kwa kazi, na ilikuwa haitulii: ilifunga, ilifungua, ilikunja karatasi. Chai aliyoimimina yeye niliiacha ipoe mpaka ikatiwa kwenye ndoo. Ugali alioupika niliufinyanga, nikautia mfukoni mwa gauni na kumpelekea kuku mwekundu wa mama nyuma ya choo. Kuku hakufa. Sikufurahi. Niliwaza kwamba sumu ya Bibi ilichukua siku, na kuku mwenyewe anakula kidogo. Niliendelea kumlisha na kumtazama, akawa mnene kuliko kuku wote wa mtaa, nami nikawa mwembamba.

"Mtoto huyu haliwi na mchango tumboni kweli?" jirani alimwuliza mama.

"Anakula vizuri kwa watu," mama alisema. "Kwangu ndio hali."

Kisha jambo lilibadilika, nami nililiona siku lilipobadilika. Baba aliacha kunipa chakula. Alipokuwa peke yake nami mchana, alipika, akafunika sufuria, akatoka barazani na sahani yake na kula huko amenipa mgongo. Nilijipakulia mwenyewe. Hata muwa, ambao zamani alinimenyea na kunikatia vipande, aliuacha mezani na kisu kando. Ilikuwa hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka nikaolewa. Nikajiambia: ameacha kwa sababu amejua kwamba najua. Na tangu hapo nilikula, kwa sababu sufuria ni moja na yeye ameshakula, lakini tulikuwa tumewekeana mpaka, na hakuna kati yetu aliyeutaja.

Nilipokuwa msichana mkubwa mama alinieleza habari ya kile cheupe, bila mimi kumwuliza, tukichambua mchele. Bibi alipewa vidonge hospitali akavikataa. Alikuwa na mizizi yake kutoka Kinole na hakutaka dawa ya kizungu. Koo nalo lilikuwa limeziba. Mama alimwomba baba avisage na kumtilia kwenye uji, na asimwambie mtu, kwa sababu Bibi akijua angetema. Ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko vidonge. Hiyo ilikuwa habari nzima. Niliikubali palepale, ilieleza kila kitu, hata kule kutazama mlangoni. Lakini kuna kukubali kwa kichwa na kuna kukubali kwa koo, na koo langu halikuwa limeambiwa.

Hiyo ndiyo sababu nilimfichia baba diski kwa siku kadhaa. Nilivuta mapazia mchana, nikakaa karibu na televisheni.

Siku zote nimejifunza mambo kwa kulinganisha, maana sikusoma shule ya kunifundisha njia nyingine, na Kiingereza changu nilikipata kwa kamusi. Nilisoma maandishi ya chini na kuyasimamisha pale nilipotilia shaka neno. Mara moja niliona kwamba nilikuwa naitazama picha nisiyoijua. Nguo ya Kaka Mdogo, ambayo kwetu ilikuwa ya kijivu, ni ya bluu na ina viraka. Nyuma ya uwanja wa mazoezi kuna mlima. Tajiri mwenye masharubu hakumfanyia Mwalimu lolote. Anataka kiwanja cha shule, basi. Ukungu wote wa kanda ulikuwa umeondolewa, na mahali pengine ngozi za watu zimelainika kama mshumaa, ndipo nikazidi kushuku. Najua siku hizi kompyuta inaweza kukisia. Ukiipa sura isiyoonekana, itakutengenezea sura. Anayesafisha anaweza pia kuongeza.

Kisha tukafika jikoni. Hapakuwa na giza. Ni asubuhi, kuna dirisha, kuna vitunguu vimening'inizwa, mvuke unapanda juu ya chungu. Mkono unakuja kutoka kulia na kutia chumvi, chumvi ya kuonekana chembe kwa chembe, na kamera inarudi nyuma kidogo, jambo ambalo kwenye kanda yetu lilikuwa mistari mitupu. Mwenye mkono ni Mwalimu mwenyewe. Yuko peke yake. Anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena. Katika sehemu inayofuata mganga anamwambia Kaka Mkubwa kwamba moyo wa mzee ulikuwa umechoka siku nyingi. Wanafunzi wanalia. Hakuna muuaji katika picha ile. Hajawahi kuwamo.

Sikuikubali mara moja. Mgongoni mwa mkono ule kulikuwa na kovu la kuungua, lenye umbo la jani. Nilirudi nyuma hadi pale Mwalimu anapofundisha kuandika kwa brashi, nikasimamisha: kovu lipo, mkono uleule, umbo lilelile. Bado nilifikiri kwamba aliyeweza kuongeza mahali pamoja ataweza na pa pili. Nikaitoa kanda ya zamani na deki yake, nikaisukuma mbele katikati ya chenga mpaka jikoni. Niliitazama mara nyingi. Katika nafasi moja ndogo, mistari ilipokuwa imepanda juu na haijashuka bado, mkono ulionekana, na mgongoni mwake palikuwa na doa. Lilikuwepo tangu mwanzo. Sele, akitembea mbele ya kioo cha televisheni asubuhi na banda limefungwa, lazima aliliona pia, yeye aliyekuwa akiona kila kitu. Lakini watu waliokaa kwenye mabenchi walitaka muuaji, akawapa.

Baba alikuja siku ya pili yake. Nilimpikia wali na nyama, nikamwekea stuli mbele yake, sahani juu. Alikula polepole akitazama.

"Mwalimu kumbe mzee hivi," alisema. "Sele alisema ni mtu wa makamo."

"Ni mzee, baba."

"Na mbona wanasema Kichina?"

"Ndiyo lugha yao."

"Sele hakuwaacha waseme." Alitafuna. "Haya, tafsiri wewe. Umesoma."

Nilitafsiri. Nilisoma maandishi na kuyasema kwa Kiswahili kama yalivyo, bila kuongeza. Baada ya muda niliona hasikilizi. Alikuwa akitazama upande wa kushoto wa televisheni, pale ambapo mtu angesimama na maiki. Jikoni palipofika alirudisha macho.

"Huo mkono wa nani?"

"Wake mwenyewe. Anatia chumvi."

"Chumvi."

"Ndiyo."

"Na anakufa na nini?"

"Moyo."

Alitazama mpaka wanafunzi wakamaliza kulia. "Watu watoke Kichangani waje Mwembesongo na jua lote lile, kumwona mzee anakufa na moyo," alisema. "Sele alikuwa na akili." Kisha, bila kunitazama, akasema, "Wewe ulisadiki kwamba ni wangu."

Niliipunguza sauti ya televisheni.

"Mama yako alimchinja yule kuku mwekundu akamkuta amejaa mafuta. Akafikiri. Akaja akaniambia, mtoto wako hali ugali wako, anamlisha kuku. Nikamfuata Sele nyumbani kwake. Nikamwambia, mtani, yale maneno ya mkono yaache, mtoto ameyashika. Unajua alinijibu nini?"

"Hapana, baba."

"Alikuwa amehuzunika kweli, hakuleta mzaha siku hiyo. Akasema, 'Maganga, nikiacha leo, kesho bandani watauliza kwa nini. Watasema Mnyamwezi amekasirika. Na mtani akikasirika, basi lile jambo lilikuwa kweli.' Nikaona amesema sawa. Nikicheka, wewe unaamini. Nikikasirika, mji mzima unaamini." Alisukuma wali kwa kijiko mpaka ukingoni mwa sahani. "Na kukuita nikueleze habari ya vidonge, mama yako alikataa. Alisema utakua na kusema kwamba bibi yako alidanganywa mpaka kufa. Basi nikaona heri mkono wangu ukae mbali na chakula chako. Ukishiba, yatosha."

Kwenye televisheni ngumi zilikuwa zimeanza. Nilikuwa na mengi ya kumwuliza: kwa nini hakuniambia nilipokuwa mkubwa, ilikuwaje kula barazani miaka yote ile. Yote niliyaona hayana haja. Nilikuwa nimeusoma mpaka ule kama hati ya mashtaka, kumbe aliyeuweka aliuweka ili nile.

Sahanini mwake palibaki wali kidogo na kipande kimoja cha nyama, kizuri, kisicho na mfupa. Aliinua sahani kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja sasa unatetemeka, akaninyooshea.

"Malizia, mama," alisema.

Niliipokea. Kilikuwa chakula nilichokipika mwenyewe, katika sufuria yangu, nikakipakua mwenyewe. Hata hivyo, kabla mkono haujafika kwenye nyama, macho yangu yalishuka yakaitazama juu, kisha pembeni, kisha chini ya wali. Ni muda mfupi sana, lakini baba amekuwa akinitazama tangu nilipokuwa mtoto.

"Angalia vizuri," alisema, akageukia televisheni. "Usiharakishe. Mimi sina pa kwenda."

Nikaangalia vizuri. Kisha nikala.